Mimi Siyo Dereva, Naendesha Tu Gari Langu

Nyumba yangu sasa imetulia, lakini kuna kipindi haikuwa hivyo, na mwezi huu nimeamua kukusimulia. Kabla hujasema namwanika mume wangu magazetini, jua kwamba nimemwomba ruhusa. Alicheka, akasema, "Andika tu, labda utamwokoa mwanaume mwenzangu."

Sisi tunakaa Tandale, upande wa kwa Mtogole. Anayeijua Tandale anajua nasema nini. Siku hizi mitaa kadhaa ina lami na mitaro, matunda ya ule mradi wa kuboresha jiji, DMDP, lakini watu ni walewale. Watoto wanacheza chandimu katikati ya njia, mama anakaanga mihogo hatua mbili kutoka barabarani, bodaboda zimejipanga kijiweni, na mkokoteni wa viazi unashuka kutoka sokoni bila breki. Kuendesha gari kwetu siyo starehe, ni kazi ya macho manne.

Gari tulilinunua mwaka 2021, Vitz ya mkononi, kwa fedha za kikoba changu pamoja na akiba ya duka lake la vifaa vya umeme pale Manzese. Kadi ya gari iliandikwa jina langu. Leseni ninayo tangu sijaolewa, maana nilikuwa nasambaza vipodozi madukani na bosi wangu alinilipia chuo cha udereva. Mume wangu yeye alijifunzia gari la rafiki yake, jioni jioni, uwanjani. Kuendesha anajua, sitamsingizia. Anapita kichochoro ambacho mimi nashuka kwanza nikaangalie.

Wimbo wake ulikuwa mmoja

Sasa kila nikimwambia, "Baba, si ukakate leseni basi," jibu lilikuwa hilohilo.

"Mama, leseni ni ya madereva. Mimi siyo dereva, mimi nina duka. Naendesha tu gari langu."

Usicheke haraka. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani kauli hiyo ina mantiki yake. Dereva kwetu ni jina la kazi. Kuna dereva wa daladala, dereva wa teksi, dereva wa bosi, dereva wa lori la kwenda Tunduma. Ni mtu anayelipwa. Muulize daktari anayeshuka kwenye gari lake, "Samahani, wewe ni dereva?" uone atakavyokuangalia.

Na mume wangu alikuwa na ushahidi. Wa kwanza ulikuwa rangi ya namba. Gari letu lina kibao cha njano, maana ni gari binafsi. Daladala na teksi zina kibao cheupe, maana ni za biashara. "Unaona? Serikali yenyewe imetutenganisha," ananiambia. Ushahidi wa pili: "Kwani rodi laisensi si walishaifuta?" Na wa tatu ulitoka kwenye simu. Kwenye kundi lao la WhatsApp la wanaume wa kijiweni ilizunguka video ya Mmarekani mmoja aliyesimamishwa na polisi, anabishana kwamba yeye haendeshi, yeye anasafiri tu, na kwamba leseni ni kwa wale wanaofanya biashara barabarani. Kijiwe kizima kikampigia makofi. Mume wangu akaniletea ile simu kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na nakuomba ulishike, maana tutarudi hapo.

Sababu ya kweli niliijua, na haikuwa sheria. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwenda kukaa darasani na vijana wa miaka kumi na tisa, afundishwe alama ya kona na mwalimu aliyempita yeye kwa umri, aliona ni kujishusha. Na zaidi, mkewe anayo tayari. Mwanaume wa Tandale hapendi kuwa wa pili nyumbani kwake. Nikaona nikimsukuma sana nitaleta ugomvi, bora amani. Kila Jumapili nikawa napanda pembeni, pochi mapajani, leseni ikiwa ndani ya pochi, na mtu asiye na leseni ameshika usukani.

Dakika moja barabarani

Ilikuwa Jumapili jioni, mwaka 2022. Tunatoka kwa wakwe, mtoto kalala kiti cha nyuma, sufuria ya pilau miguuni kwangu. Mbele yetu ikaja pikapu imejaa mchicha, njia ni nyembamba, lazima mmoja arudi nyuma. Mume wangu akarudi. Alirudi kama anavyorudi siku zote, haraka, kwa kutumia kioo kimoja. Nikasikia mlio wa chuma, halafu mlio wa mtu.

Kijana wa bodaboda alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake anasubiri abiria. Pikipiki ilimlalia mguu, na mguu ukavunjika.

Unajua watu wetu. Dakika haijaisha, umati. Wengine wanamwinua kijana, wengine wanataka funguo, wengine wanapiga picha. Kijiwe kizima cha boda kikatuzunguka. Baadaye kidogo trafiki wakafika. Ndipo mume wangu aliponiinamia sikioni, jasho linamtoka, akaninong'oneza:

"Sema ulikuwa unaendesha wewe."

Mpenzi msomaji, sijui kama umewahi kuombwa na mtu unayempenda kitu ambacho ukikitoa unamwokoa na ukikitoa unajipoteza. Leseni ilikuwa ndani ya pochi. Kadi ya gari jina langu. Ningeitoa tu, mambo yangeonekana yamenyooka. Na yeye hakuwa ananiomba kwa ubaya. Aliogopa. Miaka kumi na tatu ya ndoa sikuwahi kumwona ameogopa vile.

Lakini pale palikuwa na kijana amekaa chini anang'ata shati lake kwa maumivu, anatuangalia sisi wawili. Yeye alimwona aliyekuwa ameshika usukani. Ningesema uongo mbele ya macho yake? Na mwanangu alikuwa ameamka, ameegemeza uso kwenye kioo.

Trafiki akauliza, "Nani alikuwa anaendesha?"

Nikasema, "Mume wangu."

Hakunitazama. Akajibu mwenyewe maswali yaliyobaki. "Leseni?" "Sina." "Imeisha muda?" "Sijawahi kuwa nayo, afande. Mimi sifanyi biashara na gari." Yule trafiki hakumkaripia. Alimwambia tu kwa sauti ya kuchoka, kama mtu aliyeisikia mara nyingi: "Mzee, leseni haiulizi unafanya nini na gari. Inauliza kama unaruhusiwa kuliendesha." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mama, gari ni lako. Mwenye gari akimwachia asiye na leseni, na yeye ana kosa."

Kumbe Jumapili zote zile nilizojiita mke mpole, nilikuwa na kosa langu mwenyewe.

Yaliyofuata ni yale unayoyajua. Kijana akachukuliwa PF3, akapelekwa hospitali, gari likalala kituoni kusubiri mkaguzi. Mume wangu akafikishwa mahakamani, akakiri, akapigwa faini. Bima yetu ilikuwa ile ndogo, ya kumlinda mtu wa tatu, ambayo ni lazima kwa kila gari barabarani. Nikachukua fomu ya madai nikidhani hapo angalau tutapumua. Fomu ina mstari wa jina la aliyekuwa anaendesha, na mstari mwingine wa namba ya leseni yake. Nikaishika kalamu, nikaiweka chini. Mikataba ya bima ina sharti lake: anayeendesha awe na leseni ya gari la aina hiyo. Ukilivunja, kampuni ina sababu ya kukukwepa, au kukudai ilicholipa.

Tukalipa wenyewe. Matibabu, matengenezo ya pikipiki, na hesabu ya kila siku aliyokuwa anampelekea mwenye pikipiki, kwa muda wote aliokuwa kwenye plasta. Fedha ya kiwanja tulichokuwa tunakiwinda Chanika ikaishia hapo.

Siku ya kwanza tulipokwenda kumsalimia, mume wangu akajaribu tena wimbo wake kwa mama wa yule kijana. "Mama, tusamehe, siyo gari la biashara, ni gari tu la familia." Yule mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Sasa baba, ningefurahi mwanangu angegongwa na teksi?"

Tulirudi nyumbani kwa miguu, hakuna aliyesema neno.

Sheria mbili, mwaka mmoja

Baada ya hapo nikaamua kuelewa, maana nilikuwa nimechoka kushindwa na hoja za kijiweni. Nikawauliza wanaojua, nikasoma. Na nilichokigundua ni kwamba mume wangu hakuwa mjinga. Alikuwa amechanganya leseni mbili, na nadhani wengi wetu tunazichanganya.

Mwaka 1973 nchi yetu ilitunga sheria mbili za barabarani. Ya kwanza ni Sheria ya Leseni za Usafirishaji. Hiyo ndiyo inayouliza habari za biashara. Inahusu anayebeba abiria au mizigo kwa malipo: daladala, mabasi, teksi, malori, na baadaye bajaji na bodaboda, ambazo ziliwekewa kanuni zake mwaka 2010. Zamani tuliwajua SUMATRA, na tangu 2019 kazi hiyo inafanywa na LATRA. Leseni hiyo gari letu la kibao cha njano halihitaji. Hapo mume wangu alikuwa sahihi kabisa.

Ya pili ni Sheria ya Usalama Barabarani. Hii haijali kibao ni cheupe au cha njano. Inasema mtu asiendeshe chombo cha moto barabarani bila kuwa na leseni ya udereva ya daraja husika, au leseni ya kujifunzia. Mtu, basi. Haikusema mtu anayelipwa. Kwa sheria hii dereva siyo jina la kazi, ni yeyote aliyeshika usukani. Ukienda harusini, kanisani, msikitini, sokoni au kumpeleka mkeo kliniki, wewe ni dereva.

Kama bado unabisha kama mume wangu, angalia madaraja ya leseni zenyewe. Daraja A ni pikipiki. Daraja C na vidaraja vyake ni kwa wanaobeba abiria. Daraja H ni la kujifunzia. Na daraja B? Ni la kuendesha gari la kawaida lisilo la biashara. Kama leseni ingekuwa ya wafanyabiashara tu, daraja B lingewekwa la nini? Hata TIN, ambayo unaihitaji ili upate leseni, TRA wanayo ya aina mbili, na moja inaitwa TIN isiyo ya biashara. Watu kama mume wangu waliwekewa karatasi yao siku nyingi.

Majirani zetu nao hawako mbali. Kenya anayeendesha matatu anatakiwa awe na beji ya PSV juu ya leseni yake. Beji ni ya biashara, leseni ni ya kila mtu. Zanzibar hata mtalii aliyekodi skuta kwenda ufukweni, ambaye hana biashara yoyote zaidi ya kula samaki, anaulizwa kibali cha kuendesha.

Na ile rodi laisensi? Kweli ilifutwa, kwenye bajeti ya mwaka 2017. Lakini ile ilikuwa ada ya kila mwaka ya gari, siyo ruhusa ya mtu kuendesha. Na haikuondoka bure. Ushuru wa mafuta uliongezwa shilingi 40 kwa kila lita, kwa hiyo tunailipa kituo cha mafuta.

Nikabaki na yule Mmarekani wa kwenye simu. Kumbe kwao huko hoja yake ilikwishapata jibu zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwaka 1915 mahakama yao ya juu kabisa iliamua kesi ya mtu aitwaye Hendrick, mkazi wa Washington aliyeingia jimbo la Maryland na gari lake mwenyewe bila kulisajili huko, akatozwa faini, akakata rufaa. Majaji wakasema magari ni vyombo vya hatari, na jimbo lina haki ya kudai yasajiliwe na wanaoyaendesha wawe na leseni, kwa usalama wa umma. Tangu hapo wanaokwenda mahakamani kusema "siendeshi, nasafiri" wanarudi wameshindwa. Video ile ilikatwa kabla ya kufika mahakamani, ndiyo maana kijiwe kilipiga makofi.

Usinielewe vibaya. Leseni siyo hirizi. Wapo wenye leseni wanaoendesha kama wamelaaniwa, na wapo walioipata kwa njia za panya. Lakini leseni ina maana kwamba angalau mara moja katika maisha yako mtu asiyekuwa rafiki yako alikaa pembeni yako akakuangalia unavyoendesha. Mume wangu hakuwahi kuangaliwa na mtu yeyote isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeamua kunyamaza.

Mama suka, baba konda

Nyumbani palikuwa pazito. Siku kumi na moja hakuzungumza nami zaidi ya "chakula kiko wapi" na "mtoto kalala?" Nilijua kinachomuuma. Siyo faini. Ni kwamba mkewe alisema ukweli mbele ya watu wakati yeye ameomba uongo.

Siku ya kumi na mbili nikaketi naye, mtoto akiwa kwa bibi yake. Sikumwambia "si nilikwambia". Wanawake wenzangu, hiyo sentensi iacheni, haijawahi kujenga nyumba. Nilimwambia, "Baba, ningesema nilikuwa naendesha mimi, leo ungekuwa unaishi na mwanamke aliyebeba kosa lako. Ungenipenda mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu usingeweza kuniangalia usoni." Nikamwomba na mimi msamaha, kwa kunyamaza kwangu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Hicho chuo cha udereva ni bei gani?"

Miezi iliyofuata niliendesha mimi, yeye kakaa kushoto. Wee! Mtaa ukapata la kusema. Watoto wanakimbia nyuma ya gari wanaimba, "Mama suka, baba konda!" Wanaume wa kijiweni wanamuuliza amewekewa nini kwenye chai. Wiki ya kwanza alikuwa anashusha kiti chini asionekane. Wiki ya tatu akawa anachungulia dirishani na kuwajibu, "Panda twende, nauli kwa konda!" Nikajua tumepona.

Darasani alirudi siku ya kwanza ameinamisha kichwa. Nikadhani vijana wamemcheka. Akasema, "Mama, kumbe kuna alama nilikuwa nazipita kila siku Morogoro Road, nadhani ni mapambo." Mwalimu alimtoa barabarani, akamwambia jambo moja ambalo hakuna rafiki aliyewahi kumwambia: haangalii kioo cha kushoto. Kijana wa bodaboda alikuwa kushoto.

Akapata lena, akajifunza, akajaribiwa na askari, akalipia TRA. Siku hizi leseni unakaa nayo miaka mitano. Mwaka 2019 waliuongeza muda kutoka miaka mitatu, na ada ikapanda kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Piga hesabu mwenyewe, kisha ulinganishe na kiwanja cha Chanika.

Basi mpenzi msomaji, nikuachie maneno machache ya dada yako. Kama mwenzako anaendesha bila leseni, usinyamaze kwa ajili ya amani, maana hiyo siyo amani, ni deni. Kama gari ni lako, usimpe mtu funguo kwa aibu, hata kama ni shemeji, hata kama ni mtoto wa mjomba aliyekuja likizo. Kama unaanza kubeba watu kwa malipo na gari lako binafsi, hata kwa programu ya simu, hapo umeingia kwenye ile sheria ya kwanza, kawaone LATRA. Na ukiombwa kubeba kosa la mtu kwa sababu ya mapenzi, kumbuka kwamba kuna mtu wa tatu amekaa chini anakuangalia.

Yule kijana alipona, anachechemea kidogo asubuhi za baridi. Yuko palepale kijiweni. Mume wangu akipita anasimama kumsalimia. Juzi nilimsikia kijana mwenzake mpya akimuuliza, "Huyu mzee ni nani?" Akajibiwa, "Huyu? Ni dereva, anakaa nyumba ile pale."

Mume wangu alilisikia. Hakukanusha.

Na wewe, je, kwenu nani ameshika usukani, na leseni iko kwenye pochi ya nani? Tafakari, tukutane mwezi ujao.